Kufunga Mwamba wa Pweza ni Kuuliza Swali

Usimamizi unaojirekebisha ni utaratibu wa kutunza maliasili ambamo kila hatua huchukuliwa kuwa jaribio: wahusika hutamka mapema wanachokitarajia, hupima kinachotokea, kisha hurekebisha hatua inayofuata kwa mujibu wa vipimo hivyo. Wazo hilo, lililoenezwa na mwanaikolojia C. S. Holling na wenzake katika kitabu cha mwaka 1978, lilitokana na ukweli kwamba bahari na misitu hubadilika kabla utafiti haujakamilika, na anayengoja uhakika hungoja huku samaki wakiisha.

Pweza wa miambani hulidhihirisha jambo hili vizuri, kwa kuwa hukua upesi mno, na jike hutaga msimu mmoja tu maishani, akayalinda mayai pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa; kwa hiyo jibu la kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo kwa muda, hupatikana kwa miezi tu. Mwezi Novemba 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba wao kwa takriban miezi 7, na ulipofunguliwa walipata pweza wakubwa zaidi, lakini wavuvi walijazana hata faida ikaliwa ndani ya siku chache. Hilo halikuwa anguko, bali lilikuwa jibu, na ufungaji uliendelea: uchambuzi wa ufungaji 36 uliofanywa hadi mwaka 2011 ulionyesha kuwa, katika mwezi wa kufungua, kilo za pweza alizopata mvuvi kwa siku zilikaribia kuwa maradufu ya zile za kabla ya kufunga.

Utaratibu huo wa kufunga mwamba umefika pia Pemba, Kisiwa Panza kikiwemo, ambako wachokoaji, wakiwemo wanawake wenye vijiti mkononi, huingia mwambani maji ya bamvua yanapokupwa. Hapo mizani ndiyo yenye neno zito kuliko tangazo la kufunga. Jumla ya kilo peke yake hupotosha, maana huweza kupanda kwa sababu tu wachokoaji wameongezeka. Hivyo ni lazima kila pweza apimwe uzito, ihesabiwe idadi ya watu na saa walizochokoa, na mwamba wa jirani usiofungwa upimwe siku hizohizo, la sivyo kufunga kutapewa sifa ya msimu mzuri. Wanawake hao, wasio na vyombo vya kuwafikisha maji makuu, ndio wanaokosa kitoweo mwamba ukifungwa, kwa hiyo tarehe ya kufunga isipangwe kabla hawajasema.