Vitabu vya kutia moyo: mimi napima hivi

Wandugu, kila mwaka wadogo zetu wanaomaliza wananiuliza: « Kaka mkubwa, tusome kitabu gani cha kututia moyo? » Najibu, lakini kwanza kisa changu.

Nilipata lisansi ya agronomia, kisha nikakaa miezi 14 nikitembeza dosye ofisi kwa ofisi. Rafiki akaniazima kitabu kimoja cha utajiri, vile vinavyosema ukiamini sana utafanikiwa tu. Nilikimaliza usiku mmoja. Kesho yake nikakopa dolari 300 kwa mjomba, nikanunua vifaranga. Sasa munajua, mimi ni mtu wa mimea. Kuku nilikuwa namjua kwenye sahani. Chanjo ya Newcastle nikasema nitafanya wiki ijayo. Ndani ya siku tano wote walikwisha. Deni nililipa mwaka muzima, na kwa mjomba nilikuwa napita njia ya nyuma.

Tangu hapo kitabu nakiuliza swali moja: huyu mtu alifanya nini hasa, na alikosea wapi?

L'Homme le plus riche de Babylone cha Mmarekani George Clason, cha mwaka 1926, kinajibu. Ni hadithi za kubuni. Wengi wanakumbuka tu kwamba Arkad anaweka sehemu moja ya kumi ya kila anachopata. Mimi nilisimama fasi ingine: akiba yake ya kwanza anampa mfyatua matofali amnunulie vito kwa Wafoinike, na jamaa anarudi na vipande vya kioo. Mtu wa matofali anajua nini juu ya vito? Nilicheka, halafu nikanyamaza. Ni mimi na kuku zangu kabisa. Ile sehemu ya kumi, siwadanganyi, bila mshahara ni ngumu. Mimi nilianza na likelemba ya watu sita, maana makuta ikibaki mfukoni kwangu hailali.

Cha pili ni maisha ya Wangari Maathai wa Kenya, aliyoandika mwenyewe. Kwa Kifaransa kinaitwa Celle qui plante les arbres. Wengi wanamjua kwa Nobel ya 2004. Lakini kitalu chake cha kwanza kilikauka kwa kukosa maji! Mwaka 1977 walipanda miti saba Nairobi, na mingi ilikufa. Baadaye wanawake wa vijijini walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Wenye kusoma miradi ya maendeleo, muirudilie hiyo sentensi. Mimi leo niko na kitalu kidogo cha avoka, na kwenye daftari nahesabu iliyopona. Mwezi uliopita: 140 kwa 200.

Kuna pia kitabu cha William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa minerval wakati wa njaa, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma vya baiskeli. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, alianza kwa kufuata michoro ya kitabu cha maktaba. Wenye kuogopa Kiingereza, soma hicho.

Clason niko nacho, kimechakaa lakini kurasa zote ziko. Anayekihitaji aniambie. Ila akirudishe: Maathai nilimwazimisha mtu mwaka jana, na mpaka leo namungoja.