Nukta Kwenye Daftari la Nesi

Wapwa zangu wa Maramba, sogeeni karibu. Mmoja wenu ameniuliza hivi: "Mjomba, mimi nataka kuwa nesi. Nitachoma sindano, nitafunga vidonda. Sasa hesabu za nini?"

Hongera kwa kuuliza! Hilo ni swali la mtu anayeutaka unesi kweli. Jibu lake ni fupi: nesi hupiga hesabu kabla hajagusa dawa. Hesabu kwanza, dawa baadaye.

Twendeni kituo cha afya. Mama mmoja ameleta mtoto mwenye homa. Nesi anamweka kwenye mizani: kilo 8. Dawa iliyoandikwa ni parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Haya, nane mara kumi na tano?

"Mia moja na ishirini!"

Safi sana. Mtoto anahitaji miligramu 120. Nesi anageuza chupa, anasoma lebo: miligramu 120 katika kila mililita 5.

"Mjomba, mbona chupa ina miligramu tena ina mililita? Kipi ni kipi?"

Umeona mbali, mpwa wangu. Fikiria birika la chai la nyumbani. Linajaza vikombe vinne, na mama ametia vijiko vinne vya sukari, akakoroga. Kila kikombe kimebeba kijiko kimoja. Ukitaka vijiko viwili vya sukari, utakunywa vikombe viwili. Miligramu ni ile sukari, mililita ni ile chai. Nesi anajua sukari anayoitaka, kinachobaki ni kujua amimine chai kiasi gani. Na ndiyo maana hutikisa chupa kwanza, ili dawa isibaki imetuama chini.

Kwa mtoto wetu wa kilo 8, jibu ni mililita 5. Hiyo ilikuwa rahisi.

Anaingia mtoto wa pili, kilo 12. Kumi na mbili mara kumi na tano ni 180. Gawanya kwa 120, unapata moja na nusu. Zidisha kwa 5, unapata 7.5. Saba nukta tano.

Hapo Nukta mwenyewe akainua kichwa kwenye daftari, akasema:

"Mimi ndiye mdogo kuliko wote humu ndani. Hata wino wangu ni kidogo. Lakini nesi akinisahau, 7.5 inakuwa 75, na mtoto anapewa dawa mara kumi. Mkiniandika bila sifuri mbele, hivi .5, nesi aliyechoka usiku wa manane atasoma 5. Niwekeeni sifuri mbele: 0.5. Nyuma yangu je? Msiweke sifuri isiyo na kazi. Ukiandika 5.0, mtu asiyeniona atasoma 50."

Mmesikia? Sifuri mbele, nyuma hapana. Nukta hatanii, wapwa zangu. Parasetamoli ikizidi sana huharibu ini.

"Lakini Mjomba, si kuna kikokotoo? Si kuna simu?"

Vipo. Ila kidole huteleza, na betri huisha. Kikokotoo kikisema 75, hakitashtuka. Atakayeshtuka ni wewe, kwa sababu kichwa chako kinajua kwamba mtoto wa kilo 8 alipata 5, basi wa kilo 12 hawezi kupata 75. Mshtuko huo haununuliwi dukani. Unatokana na mazoezi.

Sasa tazameni dripu. Nesi anasimama kando ya kitanda, saa mkononi, macho kwenye kile kichupa cha plastiki ambamo maji yanadondoka tone, tone, tone. Ameambiwa mililita 500 ziishe kwa saa 4. Mrija huu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Kwa hiyo ni matone 10,000 kwa dakika 240. Gawanya: kama matone 42 kwa dakika. Anahesabu, anakaza kidogo kile kigurudumu cha mrija, anahesabu tena. Hesabu kwanza, dawa baadaye.

Manesi na hesabu ni ndugu tangu zamani. Florence Nightingale wa Uingereza, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, aliuguza askari katika vita vya Crimea. Alichora takwimu za vifo kwa rangi, wakubwa wakaona kwamba maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.

"Mjomba, na mimi nitaingiaje chuoni?"

Vyuo vya uuguzi vipo mkoani kwetu, Muheza na Korogwe. Wanaomaliza kidato cha nne huangaliwa matokeo yao, na Kemia, Biolojia na Fizikia ndizo zinazofungua mlango. Hisabati na Kiingereza zinakuongezea nguvu. Wengi husikia "zinakuongezea nguvu" wakadhani Hisabati unaweza kuiacha. Mimi nasema usiiache. Ukifika chuoni utaikuta inakusubiri, na wodini utaikuta kila siku.

Tena si hesabu ngumu. Ni jedwali la kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, na kubadili vipimo: gramu 1 ni miligramu 1,000, lita 1 ni mililita 1,000. Yote hayo mmeanza kuyasoma shule ya msingi. Tofauti ni kwamba darasani ukipata 9 kati ya 10 unapigiwa makofi, na wodini ile moja uliyokosa ni mtoto wa mtu. Kwa hiyo fanya kidogo kila siku. Ukitumwa sokoni Maramba kununua machungwa, piga hesabu ya chenji kabla muuzaji hajaisema.

Nawaachia hesabu moja ya daftarini tu, maana dawa ya kweli hutolewa na mtaalamu. Mtoto ana kilo 10. Dawa ni ileile, miligramu 15 kwa kilo, na chupa ni ileile. Mililita ngapi? Jibu lina nukta. Fanya kwa kalamu, simu iweke mbali, kisha mpelekee mwalimu wako wa Hisabati akusahihishe.