Mshipa wa Moyo Unapochanika Wakati wa Tiba

Misuli ya moyo hulishwa na mishipa midogo inayochipuka kwenye shina la aota, ambayo ndiyo mshipa mkuu wa damu mwilini. Kwa watu wengi upana wa mishipa hiyo hauzidi milimita 5 hivi, na ukuta wake una tabaka tatu zilizoshikamana. Inapozibwa na mafuta, madaktari huweza kuifikia bila kupasua kifua: mrija mwembamba uitwao katheta huingizwa kupitia mshipa wa kifundo cha mkono au wa kinena, ukasukumwa hadi kwenye mlango wa mshipa wa moyo. Tiba hiyo imewaokoa wengi. Hata hivyo, mara chache, chombo kilekile kinachoufungua mshipa huweza kuuchana.

Utando wa ndani ukichanika, damu hujipenyeza baina ya tabaka za ukuta na kujifanyia njia ya uongo. Njia hiyo ikijaa huibana njia halisi, kama bitana ya koti iliyofumuka inavyouzuia mkono wa mvaaji kupita. Misuli ya moyo iliyo mbele ya mchaniko hukosa damu, na mgonjwa huweza kupata shambulio la moyo akiwa juu ya meza ya tiba.

Visababishi ni vingi. Ncha ya katheta huweza kuukwaruza mlango wa mshipa, au ikaugusa ukuta wakati dawa ya rangi inayoonyesha mishipa kwenye eksirei inapopigwa kwa nguvu. Waya elekezi huweza kupenya chini ya utando. Puto nalo hufanya kazi yake kwa kuupasua utando uliokakamaa, hivyo michaniko midogo ni sehemu ya tiba yenyewe. Michaniko inayosababishwa na ncha ya katheta hutokea kwa wagonjwa pungufu ya 1 kati ya 100. Wenye mafuta mengi kwenye shina la mshipa wa kushoto, na wale ambao mishipa yao iliwahi kuchanika yenyewe, wamo katika hatari zaidi.

Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo wa mgonjwa kwa puto kwa mara ya kwanza, mjini Zürich mwezi Septemba 1977, hapakuwa na kifaa cha kuushikiza utando uliochanika. Mshipa ukiziba ghafla, mgonjwa alikimbizwa chumba cha upasuaji. Hali ilibadilika tangu 1986, stenti za kwanza zilipowekwa katika mioyo ya wagonjwa huko Ufaransa na Uswisi. Kimia hicho cha chuma huurudisha utando ukutani na kuufunga mlango wa njia ya uongo.

Lakini stenti haina msaada ikiwa mambo mawili ya mwanzo yamekosewa. La kwanza ni dawa ya rangi. Daktari aonapo rangi imeganda ukutani, au mshipa umeziba ghafla, hushawishika kupiga rangi tena ili aone vizuri. Kufanya hivyo ni hatari, kwa kuwa msukumo wake huurefusha mchaniko. La pili ni waya. Ikiwa waya umo katika njia halisi, usiondolewe kwa sababu yoyote, kwani ndio daraja pekee la kupitishia stenti. Ikiwa haumo, hutafutwa waya laini, ukaingizwa kwa upole. Kabla ya kufungua stenti, ni lazima kuhakikisha kwamba waya haumo katika njia ya uongo. Kamera ndogo ya mawimbi ya sauti husaidia sana hapo, kwani haihitaji rangi.

Wauguzi na mafundi walio chumbani wana wajibu mkubwa. Shinikizo la damu linaloonekana kufifia kwenye ncha ya katheta, mchoro wa umeme wa moyo unaobadilika, au mgonjwa anayelalamika maumivu ya kifua, ni ishara za kutamkwa mara moja, hata kama daktari ameinamia kazi yake.

Si kila mchaniko huhitaji stenti. Ulio mdogo, usiozuia damu wala kuleta maumivu, huweza kuachwa upone wenyewe huku mgonjwa akiangaliwa. Kinyume chake, mchaniko wa shina la kushoto ni dharura ya dakika. Ukirudi nyuma kuingia kwenye aota, mlango wake hufungwa kwa stenti upesi. Na ukipanda milimita 40 au zaidi, mara nyingi huhitaji upasuaji. Ndiyo maana daktari wa upasuaji huitwa mapema, kabla ya njia nyingine kushindikana.

Baada ya hapo mgonjwa ana haki ya kuelezwa wazi kilichotokea na kilichofanyika. Maelezo hayo yaandikwe pia kwenye karatasi ya ruhusa, ili tabibu wa zahanati ya kijijini kwake ajue anamhudumia nani. Aliyewekewa stenti humeza aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja. Asiziache kwa sababu amepata nafuu, wala kwa ajili ya kung'oa jino, kabla ya kumwuliza daktari wake wa moyo. Stenti iliyoziba huua. Maumivu ya kifua yakirudi, aende hospitali saa hiyohiyo.

Na anayesubiri tiba hii asiiogope. Kabla ya kutia saini, amweleze daktari kama mshipa wake uliwahi kuchanika, kisha aulize: dharura ikitokea, upasuaji utafanyika wapi, na baada ya muda gani?