Mashindano ya Picha Bour-Algi: Kamera Ikae Mkononi mwa Mfugaji

Picha mbili za wanyamapori wa Kaskazini Mashariki zimezunguka dunia katika miaka ya karibuni, moja ya video na nyingine mnato, na zote ni za twiga. Mwaka 2017 ilisambaa video ya twiga jike mweupe pe akiwa na ndama wake katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, Kaunti ya Garissa. Desemba 2021, ukame ulipokaza, mpigapicha Ed Ram alipiga kutoka angani mizoga ya twiga sita katika hifadhi ya Sabuli, Kaunti ya Wajir. Hakuna kati ya hizo iliyopigwa ili kushinda zawadi. Hata hivyo, mtu anayewaza kuandaa mashindano ya picha za wanyama Garissa hana budi kuanza nazo, maana faida na hatari zote za jambo hilo zimo humo. Nami naona mashindano hayo yanafaa, na mahali pake ni hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji. Ila yatafaa kwa masharti mawili: wapigaji wawe wenyeji wa Garissa, na picha ipewe alama kwa kile inachotueleza kabla ya kupewa alama kwa uzuri wake.

Tuanze na hilo la alama. Twiga wa huku ana mabaka makubwa ya hudhurungi yaliyotenganishwa na mistari myembamba myeupe iliyonyooka. Hakuna twiga wawili wenye mabaka yanayolingana, na mabaka hayo hayabadiliki mpangilio tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa hiyo picha safi ya ubavu mmoja, ikiwa na tarehe, inatosha kumtambua twiga huyo mwaka kesho na mwaka kesho kutwa, na kujua kama bado yu hai, kama amezaa, na kama amehamia kwingine. Kazi ya namna hii imeshafanywa nchini. Januari 2016 watu wa kila aina, watafiti kwa wasio watafiti, walitawanyika Samburu, Laikipia, Isiolo, Marsabit na Meru wakiwa na kamera zenye GPS, wakawapiga picha punda milia wa Grevy ubavu wa kulia peke yake. Programu za kompyuta zikalinganisha milia, na kukapatikana makadirio ya punda milia 2,350 hivi. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018, twiga nao walihesabiwa. Jambo la kuangalia ni kwamba picha nyingi zilizofanya kazi hiyo hazikuwa na uzuri wowote: mnyama amesimama pembeni, jua kali, vumbi tele. Jopo la mashindano ya kawaida lingezitupa.

Tena twiga huyu anahitaji kuhesabiwa. Tathmini ya kimataifa ya mwaka 2018 ilimweka katika kundi la walio hatarini, baada ya idadi yake kushuka kutoka takriban 36,000 hadi karibu 16,000 kwa miaka thelathini hivi. Sehemu kubwa ya waliobaki wako kaskazini mwa Kenya, tena nje ya mbuga za serikali, katika malisho wanayotumia pamoja na ngamia na mbuzi. Mtu anayewaona kila siku ni mchungaji. Mgeni kutoka Nairobi mwenye lenzi ndefu kama mkono atakaa siku mbili aondoke. Mchungaji anajua wanashukia mtoni kwa njia ipi na ni lini walipungua.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote. Yule twiga mweupe alipojulikana dunia nzima, maisha yake hayakuwa marefu. Machi 2020 hifadhi ya Ishaqbini ilitangaza kwamba jike huyo na ndama wake wameuawa na wawindaji haramu, wakakutwa mifupa mitupu. Akabaki dume mmoja mweupe, ambaye Novemba mwaka huo alifungwa kifaa cha GPS ili walinzi wajue alipo kila saa. Basi mtu atauliza: si kamera ndiyo iliyowaonyesha wauaji njia? Hilo halijathibitishwa, na mimi sitalidai. Lakini hofu hiyo ni ya haki, maana simu ya leo huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe, na anayelipata faili hupata na njia ya kufika. Jibu lake lipo: picha zipelekwe kwa waandaaji bila kupitia mitandao, taarifa za mahali zibaki kwa hifadhi na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na zinapotolewa hadharani zitolewe zikiwa zimefutwa taarifa hizo, tena baada ya miezi kadhaa. Mnyama wa ajabu kama yule mweupe asiingizwe mashindanoni kabisa. Na tukumbuke upande wa pili: bila picha, wangapi wangejua kwamba amekufa?

Picha ya Wajir inafundisha jingine. Twiga wale sita wamelala karibu karibu mchangani, kana kwamba mtu amewapanga. Ukweli ni kwamba walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, wakanasa kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka walipokwenda kunywa, wakafia hapo; mizoga ikaondolewa bwawani ili isichafue maji machache yaliyobaki. Asiyeelezwa haya anaona maiti tu. Aliyeelezwa anaona kijiji kinachotegemea bwawa lile lile la twiga. Ndiyo maana naona kila picha ya Bour-Algi ije na maelezo ya sentensi chache, kwa Kisomali au Kiswahili, na maelezo hayo yawe na alama zake. Picha ya malka, yaani njia ya kushukia mtoni, iliyozibwa na ua wa shamba, ambapo twiga na ng'ombe hawawezi tena kushuka Mto Tana, ina uzito kushinda twiga ishirini wakati wa machweo. Vivyo hivyo picha ya mbuzi aliyeraruliwa na fisi. Wazo hili si geni: tuzo za picha zenye jina la marehemu Rais Benjamin Mkapa, ambazo maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi mwaka 2021, zilitenga kundi zima kwa ajili ya kuishi pamoja na migogoro kati ya watu na wanyama.

Wapo watakaosema watu wanataka maji na marobota ya nyasi, picha ni mchezo wa walioshiba. Ukame ukiwa umeshika, nakubaliana nao. Mashindano yasubiri mvua. Lakini ukame hauzuiliki kwa kutokuwa na rekodi, na hifadhi inayoweza kuonyesha ina twiga wangapi, wanaotambulika mmoja mmoja, ina hoja ya kuombea bwawa. Wengine watauliza hukumu ya kupiga picha kiumbe chenye roho. Wanazuoni wamekhitalifiana, na wengi wa zama hizi wameitenga picha ya kamera na sanamu au mchoro wa mkono. Ni vyema mashekhe wa Garissa waulizwe mapema badala ya kushtukizwa na bango. Kuhusu usalama sina mengi: mgeni mwenye kamera kubwa vichakani, katika kaunti yenye vizuizi vya polisi barabarani, anajitafutia maswali. Ni sababu nyingine ya kuwaachia wenyeji.

Udanganyifu nao upo hata kwa wakubwa. Shindano la London la Wildlife Photographer of the Year lilimnyang'anya mshindi wake wa mwaka 2009 ushindi baada ya jopo kuamini kwamba mbwamwitu aliyeruka ua alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 lilimwondoa mshindi mwingine kwa sababu mnyama mla-sisimizi aliyeonekana akikaribia kichuguu alifanana mno na mnyama aliyekaushwa. Bour-Algi kishawishi kitakuwa cha aina yake, kwa kuwa twiga wa pale wamezoea watu: kumtupia matawi asogee, au kumfukuza akimbie ili vumbi litimke. Picha ya namna hiyo ikataliwe, na njia rahisi ya kuibaini ni kudai picha zilizotangulia na zilizofuata katika simu ile ile.

Limebaki suala la mwenye picha. Mashindano mengi huandika kwamba mshiriki anawaruhusu waandaaji kuitumia picha yake bila malipo, na watu hutia saini bila kusoma. Kijana wa Bour-Algi akimpiga twiga ambaye kesho atatokea kwenye kalenda au bango la hoteli, haki ni yake kisheria, na malipo yapitie kwake na kwa hifadhi kwa mgawo uliokubaliwa tangu mwanzo. Sharti hilo liandikwe juu kabisa ya fomu, kwa herufi za ukubwa ule ule wa tangazo la zawadi.