Nati ya Meno ya Msumeno

Kosa linaloharibu nati ya meno ya msumeno hutokea kabla mashine ya kukereza haijawashwa, kisu kinaponolewa. Kwa kipimo cha Kijerumani cha DIN 513, uso mmoja wa jino umelala digrii 3 tu, karibu wima, na wa pili digrii 30. Wapo wanaoamini kwamba jino la namna hii lina nguvu popote linapoelekea. Hesabu inakataa. Skrubu ikisukuma kwa kilo 1,000, tukiacha msuguano, uso wa digrii 3 huitanua nati kwa kilo 52 hivi. Mzigo ukikalia uso wa digrii 30, nguvu hiyo inapanda hadi kilo 577. Nati ikipasuka hapo, fundi asitafute mkosi wala asisingizie shaba ya nati.

Chukua mfano wa mashine ya kukamulia asali, inayowafaa wafugaji nyuki wa Mbeere na Tharaka, Kenya. Nati imefungwa kwenye boriti ya juu, skrubu inashuka kuyabana masega. Masega yakikaidi, yanaisukuma skrubu juu. Basi uso wima wa jino la skrubu hutazama juu, na wa jino la nati hutazama chini. Anayenoa kisu cha ndani kwa kuiga tu umbo la skrubu aliyoishika, bila kuuliza nati itakaa vipi, anabahatisha. Ukiifunga nati kwenye taya za mashine, upande wake wa chini ukielekea kulia kwako, kisu kiwe na digrii 3 kushoto na 30 kulia. Kisha gonga alama upande huo wa chini, maana nati hii ikifungwa juu chini kazi yote imepotea.

Tuseme skrubu ni ya milimita 40, na kutoka jino hadi jino ni milimita 7. Tundu la nati hutobolewa milimita 29.5. Kwenye ukuta wa tundu hilo mzunguko wa jino umeinama zaidi ya digrii 4, kwa hiyo ubavu wa kisu unaotangulia ukipunguzwa digrii 3 tu utasugua badala ya kukata; upunguze 8. Fimbo inayoshika kisu nayo hupinda: ikichomoza mara mbili zaidi, kupinda huongezeka mara nane. Ndiyo sababu mwishoni kisu hupitishwa tena na tena bila kuongezwa kina, hadi kisitoe chembe. Na kama skrubu kuu ya mashine ni ya inchi, usiifungue nati yake katikati ya kazi ya milimita. Simamisha mashine, toa kisu, rudisha kinyume.

Kuna wanaosema siku hizi kazi hii ni ya mashine za kompyuta. Kompyuta nayo itakata uso usiofaa kwa usahihi mkubwa ikiambiwa hivyo. Hoja yenye uzito ni ya wanaopendelea jino la trapeza, lenye digrii 15 kila upande: kwa mzigo uleule huitanua nati kwa kilo 268, lakini halijali mwelekeo. Kwa skrubu inayovuta na kusukuma kwa nguvu sawa, wana haki. Skrubu ya mashine ya asali, inapopanda, huinua uzito wa bamba la kubania masega tu.