Mpapindi na Mbegu ya Kuokota: Uoteshaji wa Mti Adimu na Uhai wa Jina Lake

Utangulizi

Kiswahili kina majina mengi ya miti ya jamii ya mnazi, lakini hakina jina moja lililozoeleka la kuijumuisha yote. Upo mnazi, upo mtende, mkindu, mkoma, mvumo, mwale, mchikichi na mpopoo. Yamkini Mswahili wa pwani hakuona haja ya jina la jumla kwa kuwa kila mti ulikuwa na kazi yake. Mnazi ulimpa makuti ya kuezekea, nazi ya kupikia na tembo la mgema. Mkindu ulimpa ukindu wa mikeka. Mkoma ulimpa miyaa ya kusukia. Na mpopoo ulimpa popoo ya kutafunia tambuu. Lugha ilitaja kile ambacho mkono ulikigusa.

Katika orodha hiyo limo jina ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajapata kulisikia, nalo ni mpapindi. Makala haya yanaeleza mpapindi ni mti gani, mbegu yake huoteshwa vipi inapookotwa, na kwa nini jambo hilo liwahusu wanafunzi wa lugha. Ili maelezo yasielee hewani, mahali palipoteuliwa kuwa mfano ni Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay nchini Kenya. Rangwe iko mbali na bahari na haina mpapindi wa asili, hivyo inafaa kuonyesha mbegu ya kisiwani inahitaji nini inapofika bara.

Mpapindi ni mti gani?

Mpapindi huota kwa asili katika kisiwa cha Pemba pekee, na makao yake makuu ni Msitu wa Ngezi ulioko kaskazini-magharibi mwa kisiwa hicho. Shina lake ni jembamba na lina pete zinazoonyesha mahali majani ya zamani yalipodondoka. Aghalabu mashina kadhaa huota pamoja kutoka tumba moja. Majani yake ni mfano wa unyoya, na matunda yake madogo huwa mekundu yanapoiva.

Mtaalamu Mmarekani H. E. Moore aliupa mti huu jina la kisayansi Chrysalidocarpus pembanus mnamo mwaka 1962. Mwaka 1995 ukahamishiwa katika jenasi ya Dypsis, na mwaka 2022 ukarudishwa katika jenasi yake ya kwanza. Katika miaka hiyo yote Wapemba waliendelea kuuita mpapindi.

La kushangaza zaidi ni ukoo wake. Ndugu wa karibu wa mpapindi hawako Tanga wala Mombasa, bali wako Madagaska na Komoro. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina kirefu, na viumbe vyake kadhaa vina asili ya upande wa bahari kuliko upande wa bara. Mfano ni popo wa Pemba, ambaye naye ni wa jenasi inayopatikana katika visiwa vya Bahari ya Hindi na isiyopatikana katika bara la Afrika. Kwa hiyo inawezekana kudai kwamba mpapindi wenyewe ni zao la mbegu ya kuokota: wakati fulani wa kale mbegu ilivuka maji, ikaangukia Pemba na ikapata udongo ulioikubali.

Kuokota si kupata

Si kila mbegu inayookotwa ina uhai. Fundisho hili linadhihirishwa na mnazi mkubwa wa Ushelisheli, ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Kwa karne nyingi, kabla mti wenyewe haujajulikana kwa mabaharia wa Ulaya katika kisiwa cha Praslin mwaka 1768, mbegu zake ziliokotwa katika fukwe za Bahari ya Hindi na kuzua visa vingi. Kwa kuwa nyingine ziliokotwa Maldivi, mti ukabandikwa jina la kisayansi lenye kutaja Maldivi ingawa hauoti huko. Hata hivyo, mbegu hizo za ufukweni hazikuota. Mbegu hai ya mti huo ni nzito na huzama. Inayoelea ni ile ambayo ndani yake mmekwisha kuoza na kubaki tupu.

Upande wa pili kuna mtende. Mwaka 2005, nchini Israeli, mbegu ya tende iliyofukuliwa Masada na yenye umri wa takriban miaka 2,000 ilioteshwa ikawa mti. Mtende ni mti wa jangwani na mbegu yake huvumilia ukavu. Mpapindi ni mti wa msitu wenye unyevu. Mbegu yake ikikauka sana, kiinitete kilichomo ndani hufa na hakuna maji yatakayokifufua. Anayeiokota mbegu ya mpapindi hana budi kuhesabu siku, si miaka.

Hatua za uoteshaji

Kwanza, tunda liwe limeiva na liwe limeanguka karibuni. Nyama ya tunda iondolewe yote, kwa kuwa hukaribisha ukungu na wadudu na huweza kuchelewesha uotaji. Kisha mbegu ilowekwe katika maji safi kwa siku moja au mbili, na maji yabadilishwe kila siku. Mbegu inayoelea hutiliwa shaka, ingawa kuelea peke yake hakutoshi kuihukumu.

Pili, mbegu ifukiwe juujuu katika mchanganyiko usiotuamisha maji, kwa mfano mchanga wa mtoni uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyopondwa au na mboji iliyooza vizuri. Unyevu uwe wa kudumu lakini usiwe tope. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 25 na 35 za Selsiasi.

Tatu, mwoteshaji ajue namna mbegu inavyoota, kwani miti ya jamii hii haioti kwa namna moja. Mnazi na mpapindi hutoa chipukizi papo hapo kando ya mbegu. Mtende na mkindu hupeleka kwanza mrija mbali kidogo na mbegu, ndipo chipukizi hutokea mwisho wa mrija huo. Mvumo huzidi yote, kwani mrija wake huchimba chini sana kabla jani lolote halijaonekana juu. Ndiyo maana mche wa mvumo ni mgumu kuhamishwa.

Ndani ya mbegu hubaki kiungo kinachofyonza akiba ya chakula na kuipeleka kwenye mche. Katika nazi inayoota kiungo hicho huonekana wazi: ni kile kitu cheupe, chepesi mfano wa sponji, kinachojaza nafasi ya maji. Watu wa pwani hukiita joya na hukila. Kwa sababu hiyo mbegu isibanduliwe kwenye mche mchanga hata inapoonekana haina kazi tena, kwa kuwa mche bado unaitegemea.

Jani la kwanza la mpapindi hugawanyika ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu. Majani yenye sura ya unyoya huja baadaye. Miaka kadhaa hupita mti ukijenga mizizi na majani kabla shina halijaonekana. Aidha, kila shina lina kitovu kimoja tu cha ukuaji, nacho ni kile ambacho kwa mnazi huitwa shaha. Shaha ikikatwa au ikiliwa na wadudu, shina hilo hufa.

Mbegu ya Pemba katika udongo wa Rangwe

Rangwe iko kwenye njia itokayo mji wa Homa Bay kuelekea Kisii, juu ya usawa wa Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana kuna joto la kutosha, lakini usiku hupoa kuliko Pemba, na ubaridi huo huchelewesha uotaji. Chombo cha mbegu kinaweza kuwekwa ndani ya nyumba wakati wa usiku, au mahali panapohifadhi joto la mchana.

Tatizo la pili ni udongo. Sehemu nyingi za Homa Bay zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hutuamisha maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mche mchanga haufai kupandwa humo moja kwa moja. Ulelewe kwanza katika chombo chenye kina, chini ya kivuli, kisha uhamishwe mwanzoni mwa mvua za Machi hadi Mei ili upate maji kabla ya ukavu.

Sheria nayo haina budi kuzingatiwa. Ngezi ni msitu wa hifadhi, na mbegu haziokotwi humo bila ya idhini. Kuingiza mbegu Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika linalosimamia afya ya mimea. Masharti haya yana maana: mbegu moja inaweza kubeba ugonjwa wa kuangamiza mashamba mazima.

Jina, mti na mwanafunzi

Mwanafunzi wa Kiswahili anahusika vipi? Jibu linaanzia Rangwe kwenyewe. Mwanafunzi wa huko hufundishwa neno ukindu akalikariri kama msamiati wa pwani, ilhali mkindu ndio othith wa lugha yake ya Kidholuo, ule ambao majani yake huhusishwa na Jumapili ya Matawi. Mwalimu akiuonyesha mti, neno hupata mwili. Asipouonyesha, neno hubaki kuwa sauti ya kujibia mtihani.

Mpapindi uko katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa una makao ya asili katika kisiwa kimoja na jina katika vinywa vya watu wachache. Kamusi inaweza kulihifadhi jina, lakini haiwezi kuotesha mti. Bustani nayo inaweza kuotesha mti, lakini mti ukibandikwa jina la kigeni pekee, elimu ya Wapemba juu yake hukatika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mbegu ya kuokota inahitaji upya, joto, unyevu wa kadiri na subira. Yameonyesha pia kwamba maneno kama joya, shaha, miyaa na makumbi ni elimu ya mimea iliyokwisha kuandaliwa na wazungumzaji wa Kiswahili. Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa kushirikiana na idara za botania, vianzishe bustani ndogo za miti ya jamii ya mnazi vyuoni, na kila mti uandikwe jina lake la Kiswahili pamoja na la lugha ya mahali. Mkindu wa Rangwe unaweza kuwa wa kwanza, kwa kuwa mbegu yake haihitaji kuvuka bahari. Mpapindi ufuate kwa kibali na kwa uangalifu, na kibao chake kitangulize jina walilolitunza Wapemba.