Gunia la Kyerwa: kwa nini kilo 100 hazitoi kilo 100 za bati?

Tuseme umechimba wiki nzima huko Kyerwa, ukaosha mchanga mpaka ukabaki ule mweusi, mzito. Unampelekea mnunuzi kilo 100. Mashine inasoma asilimia 70 ya bati. Swali linakuja lenyewe: kilo 30 zimeenda wapi? Nimeibiwa?

Si lazima. Madini ya bati ya Kyerwa na Karagwe huitwa kasiteriti, na kasiteriti si bati tupu. Ni bati lililoungana na oksijeni, hii hii tunayovuta hewani. Kila atomu moja ya bati huenda na atomu mbili za oksijeni: SnO₂.

Tuhesabu kidogo. Uzito wa atomu ya bati ni 118.7, wa oksijeni ni 16. Oksijeni ziko mbili, yaani 32. Jumla ni 150.7. Gawa 118.7 kwa 150.7, unapata asilimia 78.8. Hicho ndicho kikomo. Kasiteriti itoke Kyerwa, Rwanda au Bolivia, hata ikiwa safi kabisa haivuki hapo.

Sasa turudi kwenye gunia. Kilo 70 za bati hushikana na karibu kilo 19 za oksijeni. Zinabaki kama kilo 11: hizo ni mawe na madini mengine, kama ya chuma. Hizo 11 unaweza kuzipunguza kwa kuosha vizuri zaidi. Zile 19, hakuna karai litakalozitoa. Zinaondoka kwenye tanuru tu, pale kaboni ya makaa inapoichukua oksijeni na kuliacha bati peke yake.

Mfaransa Joseph Proust alitetea wazo hili zaidi ya miaka 200 iliyopita: kampaundi moja, uwiano mmoja. Oksidi za bati zilikuwa kati ya alizopima. Katika SnO, gramu 100 za bati huchukua gramu 13.5 za oksijeni. Katika SnO₂, gramu 27. Mara mbili! Mwingereza John Dalton akaeleza sababu: elementi huungana kwa atomu nzima nzima, hakuna nusu atomu.

Kwa hiyo mashine ikisoma 70, una haki ya kuuliza imepimaje. Ila akitokea mtu na mchanga ambao haujaona tanuru, anadai una bati asilimia 90, mwambie akahesabu upya.